Kitabu cha Usharika na Jina la Mtu: Sheria ya Uswidi ya Mwaka 1972 na Mafunzo Yake kwa Wachungaji

Utangulizi

Kila mchungaji aliyepata kutumika usharikani anaijua shughuli ya kabati la vitabu. Mtu mzima anafika ofisini siku ya kazi, bahasha mkononi, akiomba cheti cha ubatizo, maana ameambiwa akipeleke pamoja na karatasi nyingine ili apate cheti cha kuzaliwa. Tunafungua kitabu kilichoandikwa na mwinjilisti ambaye amekwisha kulala miaka mingi, na tunapitisha kidole juu ya mistari hadi tumpate. Pengine jina limekosewa herufi. Pengine tarehe haipatani na ile anayoijua mama yake. Na pengine mwandishi aliweka alama ya Me palipotakiwa Ke. Hapo ndipo tunapotambua kwamba mstari mmoja wa wino unaweza kumfungulia mtu mlango au kumfungia.

Makala hii inahusu mstari huo. Tunakusudia kueleza jinsi taifa moja la Kilutheri, yaani Uswidi, lilivyotunga sheria ya kwanza duniani ya kuruhusu jinsia ya mtu iliyoandikwa katika daftari la raia ibadilishwe. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1972. Tumeichagua Uswidi kwa sababu mbili. Kwanza, makanisa yetu yana undugu wa zamani na Kanisa la Uswidi. Inatosha kumkumbuka Bengt Sundkler, aliyekuwa askofu wa Kanisa la Kiinjili la Buhaya kuanzia mwaka 1961 hadi 1964. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, sheria hiyo ilipoanza kutumika, daftari la raia la Uswidi halikuwa mikononi mwa serikali peke yake. Lilikuwa katika ofisi ya usharika, na aliyeshika kalamu alikuwa mchungaji.

Hatukusudii kumaliza hapa swali la mafundisho juu ya uumbaji na jinsia, ambalo wasomaji wetu wana mawazo mbalimbali juu yake. Tunakusudia kuuliza swali la kihistoria na la kichungaji: kitabu kinapotaka kuwa safi, ni nani anayelipa gharama ya usafi huo?

Kitabu kilichoshikwa na mchungaji

Desturi ya kuandika watu wa usharika ilianza Uswidi kabla haijawa sheria ya nchi. Katika miaka ya 1620 Askofu Johannes Rudbeckius wa Västerås alikwisha kuwaagiza wachungaji wake waweke vitabu vya ubatizo na ndoa. Kisha Sheria ya Kanisa ya mwaka 1686, iliyotolewa chini ya Mfalme Karl XI, ilifanya jambo hilo kuwa wajibu wa kila usharika. Mchungaji alipaswa kuandika watoto wote waliozaliwa, wa ndani ya ndoa na wa nje ya ndoa, pamoja na majina ya wazazi na wadhamini wao. Alipaswa kuandika wanaofunga ndoa, wanaokufa, wanaohamia na wanaohama.

Kusudi lilikuwa la kichungaji. Mchungaji alizunguka nyumba kwa nyumba akiwahoji watu juu ya Katekismo Ndogo ya Luther, naye aliandika ni nani ajuaye kusoma, ni nani afahamuye imani, na ni nani aliyeshiriki Meza ya Bwana. Kwa njia hiyo watu wa Uswidi, hata wakulima na watumishi wa nyumbani, walijifunza kusoma mapema kuliko mataifa mengi ya Ulaya. Kitabu kilikuwa chombo cha mchungaji cha kuwajua kondoo wake kwa majina, na jambo hilo tunalisifu.

Lakini kitabu kinachowajua watu wote hakikosi kuitwa na wengine. Mwaka 1749 serikali iliagiza wachungaji wajaze majedwali ya watu kutokana na vitabu vyao, ndipo Uswidi ikawa nchi ya kwanza kuwa na takwimu za kudumu za wakazi wake wote. Mwaka 1947 kila mkazi alipewa namba yake binafsi. Namba hiyo ilianza na tarehe ya kuzaliwa, ikafuatwa na tarakimu tatu. Tarakimu ya tatu ilikuwa witiri kwa mwanamume na shufwa kwa mwanamke. Hivyo jinsia ya mtu haikuwa tena neno moja katika ukurasa wa kitabu cha ubatizo. Ilisukwa ndani ya namba aliyoitumia mtu huyo hospitalini, benki, shuleni na kazini, nayo ilisomeka kila alipoitaja.

Kazi hiyo yote iliendelea kufanyika katika ofisi za usharika. Hata baada ya sheria ya uhuru wa dini ya mwaka 1951, iliyomruhusu mtu kutoka katika Kanisa bila kujiunga na jingine, mchungaji wa mahali aliendelea kuwaandika wakazi wote, waumini na wasioamini. Uswidi haikuwa na cheti cha kuzaliwa cha namna tunayoijua sisi; mtu aliyehitaji kujithibitisha alipewa nakala ya maelezo yake kutoka katika daftari la wakazi. Mswidi aliyetaka kuoa au kuhama alipaswa kupita kwa mchungaji. Utaratibu huo ulikoma tarehe 1 Julai 1991, kazi ya uandikishaji ilipohamishiwa mamlaka ya kodi.

Swali lililokuwapo kabla ya sheria

Ni kosa kudhani kwamba swali la mtu asiyelingana na alichoandikiwa lilizuliwa katika karne ya 20. Wanasheria wa kale walilijua, hasa kwa habari ya huntha, yaani mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyo dhahiri kuwa ya kiume au ya kike. Sheria kuu ya Prussia ya mwaka 1794, katika nchi iliyotawaliwa na wafalme Waprotestanti, iliagiza kwamba wazazi wa mtoto wa namna hiyo waamue alelewe kwa jinsia ipi, na kwamba yeye mwenyewe, akitimiza miaka 18, achague atakuwa wa upande gani. Lakini iliongeza sharti: ikiwa haki za mtu mwingine zilitegemea jambo hilo, huyo mwingine aliweza kudai uchunguzi wa wataalamu, na neno la wataalamu lilishinda uchaguzi wa mwenyewe. Humo tayari twaona pande tatu zitakazorudi baadaye: mtu mwenyewe, jamaa na jirani, na mtaalamu.

Huko Uswidi, katikati ya karne ya 20, wenye mamlaka walianza kupokea maombi ya watu wa namna mbili. Wengine walikuwa huntha ambao jinsia yao ilikosewa siku ya kuzaliwa. Wengine walikuwa na maumbile yasiyo na utata, lakini tangu ujana wao walijiona kuwa wa jinsia nyingine na waliishi hivyo. Hapakuwa na sheria ya kuwaongoza waamuzi. Tume ya serikali iliwekwa kulichunguza jambo hilo, nayo ilitoa taarifa yake mwaka 1968 pamoja na pendekezo la sheria.

Twapaswa kutambua jinsi hoja ilivyokuwa ya kawaida. Mtu aliyeonekana na watu wote kuwa mwanamume, mwenye ndevu na sauti nzito, alipotaja namba yake dukani au hospitalini, tarakimu shufwa ilimsaliti. Kila alipotoa karatasi alishukiwa kuwa ameiba karatasi ya mtu mwingine. Bunge lilipolitazama jambo hilo lilitafuta njia ya kuyapatanisha maandishi na maisha ya watu wachache, na halikuwa likitafuta kuanzisha fundisho jipya juu ya mwanadamu.

Sheria ya mwaka 1972

Sheria hiyo ilitolewa Aprili 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Jina lake lilihusu kuthibitisha jinsia ya mtu katika hali fulani, nalo neno “kuthibitisha” lapasa kuangaliwa. Watunga sheria hawakusema kwamba serikali inambadilisha mtu. Walisema serikali inathibitisha na kuandika.

Uamuzi ulitolewa na Bodi ya Taifa ya Afya na Ustawi wa Jamii. Mwombaji alipaswa kuonyesha kwamba tangu ujana wake alijiona kuwa wa jinsia nyingine, kwamba kwa muda wa kutosha aliishi hivyo, na kwamba ilitazamiwa ataendelea kuishi hivyo siku zijazo. Zaidi ya hayo sheria iliweka masharti manne. Awe ametimiza miaka 18. Awe raia wa Uswidi. Asiwe katika ndoa. Na awe amefungwa uzazi, au awe hana uwezo wa kuzaa kwa sababu nyingine.

Baada ya uamuzi, kilichobaki ni kalamu. Daftari lilirekebishwa, na mtu huyo alipewa namba mpya yenye tarakimu inayolingana na jinsia aliyothibitishiwa. Kwa muda wa miaka 19, tangu 1972 hadi 1991, daftari hilo lilikuwa katika ofisi za Kanisa. Uamuzi haukuwa wa mchungaji, wala hakuulizwa maoni yake; lakini kitabu kilikuwa chake. Hatuna budi kulikumbuka jambo hili tunaposikia ikisemwa kwamba mambo haya ni ya serikali tu na Kanisa halikuhusika nayo kamwe.

Kalamu iliyofungwa kwenye kisu

Masharti mawili ya mwisho ndiyo yanayotupasa kutulia juu yake, maana ndiyo yaliyogusa mwili wa mtu na nyumba yake.

Sharti la kutokuwa katika ndoa lilikuwa na sababu iliyo wazi. Ndoa ya wakati huo ilikuwa ya mwanamume na mwanamke. Mume akithibitishwa kuwa mwanamke, sheria ingejikuta imeridhia ndoa ya wanawake wawili. Kwa hiyo waliokuwa wameoana walipaswa kutengana kwa talaka kabla daftari halijarekebishwa, hata ikiwa wote wawili walitaka kuendelea kukaa pamoja. Kanisa linalofundisha kwamba talaka ni jeraha lilijikuta katika nchi ambayo sheria yake iliidai talaka iwe tiketi ya kupata karatasi sahihi. Sharti hilo lilipoteza msingi wake mwaka 2009, Uswidi ilipobadilisha sheria ya ndoa, nalo liliondolewa mwanzoni mwa mwaka 2013 pamoja na sharti la uraia.

Sharti la kufungwa uzazi lilikuwa zito zaidi. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya utaratibu wa ukoo. Watunga sheria waliogopa kwamba mtu aliyeandikwa kuwa mwanamume angeweza kujifungua mtoto, au aliyeandikwa kuwa mwanamke angeweza kuwa baba. Daftari lingeandika nini hapo? Ili daftari lisipate swali lisiloweza kulijibu, iliamuliwa kwamba mwili uzuiwe usizae. Hapo kalamu ilifungwa kwenye kisu: aliyeitaka ya kwanza alipaswa kukikubali cha pili.

Je, kwa nini taifa lililojulikana kwa upole wake liliona sharti hilo kuwa jambo dogo? Historia yatujibu. Mwaka 1922 Uswidi ilifungua huko Uppsala taasisi ya serikali ya kuchunguza rangi na ukoo wa watu, ikiongozwa na daktari Herman Lundborg. Huyu alikwisha kujipatia sifa mwaka 1913 kwa uchunguzi wa ukoo mmoja wa wakulima wenye watu 2,232, na chanzo chake kikubwa kilikuwa vitabu vya usharika. Kitabu kilichoanzishwa ili kuwalisha kondoo kilitumika kuwapima na kuwapanga kwa ubora. Kisha zikaja sheria za kufunga watu uzazi, ya mwaka 1934 na ile ya mwaka 1941 iliyopanua ya kwanza. Hadi mwaka 1975 watu wapatao 63,000 walifungwa uzazi chini ya sheria hizo, wengi mno wakiwa wanawake. Wengi wao waliweka sahihi, lakini sahihi iliyowekwa kwa kuogopa kunyimwa msaada, au kwa kutaka kuruhusiwa kutoka katika nyumba ya matunzo, si hiari.

Basi sheria ya mwaka 1972 ilizaliwa katika nyumba ambamo kisu hicho kilikuwa kimezoeleka. Mwaka 1975 Bunge lilitunga sheria mpya iliyotaka hiari ya kweli, nayo ilianza kutumika mwaka 1976. Mwaka 1999 iliamuliwa kwamba waliofungwa uzazi chini ya sheria za zamani walipwe fidia ya kroni 175,000 kila mmoja. Lakini kwa wale walioomba jina na namba inayowalingana sharti liliendelea kuwapo. Dhambi iliyokwisha kuungamwa kwa wengi ilibaki kuwa sheria kwa wachache, kwa muda wa miaka 37.

Wala tusiseme kwamba waombaji walikubali wenyewe. Mtu anayeambiwa achague kati ya kuzaa watoto na kuwa na karatasi inayomtambulisha, amewekwa mahali ambapo kila jibu ni hasara. Mwalimu wa Maadili ya Kikristo atalitambua jambo hilo mara moja: ridhaa inayonunuliwa kwa kumnyima mtu kitu anachokihitaji ili aishi ina mawaa.

Mahakama, fidia na sheria mpya

Mabadiliko yalikuja kwa njia ya mahakama. Tarehe 19 Desemba 2012 Mahakama ya Rufaa ya Utawala ya Stockholm iliamua kwamba sharti la kufungwa uzazi linapingana na katiba ya nchi, ambayo inalinda mwili wa mtu dhidi ya kulazimishwa, na pia linapingana na Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Uamuzi huo ulipata nguvu Januari 2013, na Bunge lililifuta sharti hilo rasmi kuanzia tarehe 1 Julai 2013. Mwaka 2018 Uswidi ilitunga sheria ya kuwalipa waliofungwa uzazi kwa ajili hiyo kroni 225,000 kila mmoja, ikawa nchi ya kwanza kufanya hivyo. Kabla ya hapo, Aprili 2017, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikuwa imeamua katika kesi zilizotoka Ufaransa kwamba nchi haiwezi kudai jambo hilo kama sharti la kurekebisha cheti cha kuzaliwa.

Hatimaye, tarehe 17 Aprili 2024, Bunge la Uswidi lilipitisha sheria mpya badala ya ile ya 1972, kwa kura 234 dhidi ya 94. Ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Umri wa kuomba ulishushwa kutoka miaka 18 hadi 16, kwa idhini ya wazazi au walezi kwa aliye chini ya miaka 18. Mabishano yalikuwa makali, hata ndani ya vyama vilivyoshirikiana kutawala. Waliopinga walikuwa na hoja ya kusikilizwa: kwamba kijana wa miaka 16 bado anakua, na kwamba idadi ya vijana wanaotafuta msaada wa namna hiyo imeongezeka upesi bila sababu zake kueleweka. Nchi hiyo hiyo, Februari 2022, ilikuwa imewaagiza madaktari wake wawe waangalifu sana katika kuwapa watoto dawa za kuzuia balehe na homoni, ikisema kwamba kwa jumla hatari zake zaelekea kuzidi faida.

Hapa twaona jambo ambalo wengi hulipita. Sheria ya 1972 ilikuwa imeunganisha maandishi na matibabu. Sheria za 2024 zimeyatenganisha. Rekebisho la daftari lina sheria yake, na upasuaji una sheria yake tofauti, ambao haushuki chini ya miaka 18. Mtu aweza kuunga mkono uangalifu mkubwa hospitalini bila kutaka ukatili katika ofisi ya daftari. Aweza pia kuwa na mashaka juu ya umri wa miaka 16, na bado akaona haya kwa yaliyotendwa kabla ya 2013. Kisu na kalamu vilipofunguliwa kutoka katika fundo moja, kila kimoja kiliweza kuhukumiwa kwa haki yake.

Majirani wawili wa Kilutheri

Tukitazama majirani wa Uswidi tutaona jinsi mwenye kitabu anavyoathiri historia. Ujerumani iliondoa uandikishaji wa raia mikononi mwa makanisa kwa sheria iliyoanza kutumika nchi nzima tarehe 1 Januari 1876, wakati wa Bismarck. Kwa hiyo sheria ya Ujerumani juu ya watu hawa, iliyotungwa mwaka 1980, haikupita katika ofisi ya mchungaji hata kidogo. Nayo ilikuwa na sharti la kutoweza kuzaa, ambalo Mahakama ya Katiba ililitangua Januari 2011. Mwaka 2017 mahakama hiyo iliamua kwamba huntha wasilazimishwe kuandikwa Me au Ke, na mwaka 2018 sheria iliongeza nafasi ya tatu katika daftari. Tangu tarehe 1 Novemba 2024 sheria ya 1980 imeachwa, na nafasi yake imechukuliwa na sheria inayompa mtu mzima haki ya kutoa tamko mwenyewe mbele ya mwandikishaji.

Denmark ni kinyume chake. Huko, isipokuwa katika sehemu ya kusini iliyopata kuwa chini ya Ujerumani, kuzaliwa kwa watoto kunaandikwa hadi leo katika ofisi ya usharika ya Kanisa la Kilutheri, hata kwa watoto wa wasio Wakristo. Sheria ya mwaka 2014 ilimruhusu mtu mzima abadilishe namba yake kwa tamko lake, baada ya kusubiri miezi 6 ya kutafakari. Kwa hiyo mchungaji wa Denmark hawezi kusema kwamba jambo hili liko mbali naye. Liko katika kitabu cha ofisi yake.

Mafunzo kwa watumishi wa kwetu

Je, historia hii yatuhusu nini sisi tunaohudumu Afrika ya Mashariki? Sheria zetu hazifanani na za Uswidi. Hata hivyo swali lenyewe halikubaki Ulaya. Mwaka 2014 Mahakama Kuu huko Nairobi ilishughulikia shauri la mtoto huntha ambaye karatasi za hospitali ziliwekewa alama ya kuuliza mahali pa jinsia. Alama hiyo ilimfuata kama jina. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata watu 1,524, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imewataja na kuwapa ulinzi. Watu hawa wamo pia katika sharika zetu. Wengi wamefichwa ndani, na mama zao hawajui wamwendee nani.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu ya kufikiriwa.

La kwanza, tutofautishe vizuri tawala mbili ambazo mababa zetu wa Matengenezo walizifundisha. Daftari la raia ni la utawala wa dunia hii. Kazi yake ni utaratibu na haki kati ya watu, nalo laweza kusahihishwa, kwa kuwa ni kazi ya mikono ya wanadamu. Ubatizo ni wa Injili. Mtu aliyebatizwa habatizwi tena kwa sababu daftari limerekebishwa, wala ubatizo wake haukuwa batili kwa sababu karani alikosea. Hatubatizi jinsia. Twambatiza mtu, kwa jina lake, katika jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kwa hiyo mtoto huntha akiletwa kanisani, mchungaji asimrudishe mama nyumbani akangoje majibu ya daktari ndipo fomu ijazwe. Maji na Neno havingoji fomu. Nafasi katika kitabu yaweza kubaki wazi kwa muda.

La pili, tulinde kitabu. Pale palipo na kosa la kweli, mstari wa zamani usifutwe wala ukurasa usichanwe. Sahihisho liandikwe pembeni, lenye tarehe na sahihi ya mchungaji, na nakala itolewe kwa mwenyewe. Yaliyomo yasisimuliwe barazani. Historia ya Uppsala yatuonya kwamba kitabu cha usharika kikitoka mikononi mwa mchungaji na kuingia katika mikono ya wenye nadharia, chaweza kuwadhuru wale waliojiandikisha kwa imani. Novemba 2021 Kanisa la Uswidi liliwaomba radhi Wasami, wenyeji wa kaskazini, kwa maovu liliyowatendea, na miongoni mwa hayo ni ushiriki wake katika upimaji ule wa watu kwa rangi. Ungamo hilo lilichelewa karibu miaka 100.

La tatu, tusisome Maandiko kwa jicho moja. Mwanzo 1 yafundisha kwamba Mungu aliumba mwanamume na mwanamke, na fundisho hilo twalishika. Lakini Bwana mwenyewe, katika Mathayo 19, mara tu baada ya kulitaja fundisho hilo la uumbaji, aliwataja matowashi, hata wale waliozaliwa hivyo, bila kuwakemea. Nabii katika Isaya 56 anawaahidi matowashi nafasi na jina katika nyumba ya Mungu, wao ambao sheria ya kale iliwaweka nje ya kusanyiko. Na katika Matendo 8 Filipo hakumwuliza Mwethiopia habari za mwili wake. Alimweleza habari za Yesu, wakashuka majini. Wasomi hawasemi kwamba matowashi wa Biblia ni sawasawa na watu tunaowazungumzia hapa, nasi hatusemi hivyo. Twasema tu kwamba mwili usiolingana na safu za daftari haukuwa kamwe sababu ya mtu kukosa mchungaji.

Hitimisho

Tumeona kitabu kikianzishwa mwaka 1686 ili mchungaji awajue watu wake, kikawa hesabu ya taifa mwaka 1749, kikawa namba mwaka 1947, na mwaka 1972 kikawa mahali ambapo watu wachache waliomba kuandikwa kwa namna inayolingana na maisha yao. Waliruhusiwa, lakini kwa bei ambayo taifa lenyewe lilikuja kuionea haya na kuilipia. Sheria ilikosea iliporidhia mwili wa mtu ukatwe ili daftari lisikutane na swali gumu. Nalo Kanisa, lililokuwa na kitabu hicho mezani pake kwa miaka 19 ya sheria hiyo, lilikuwa na nafasi ya kuuliza bei hiyo inalipwa na nani.

Tunaweza kuendelea kutofautiana juu ya mambo mengi katika jambo hili, na hapana shaka tutaendelea. Lakini wanafunzi wetu wa theolojia, watakapokabidhiwa ufunguo wa kabati la usharika wao wa kwanza, na wakabidhiwe pamoja nao kumbukumbu hii. Kitabu ni shahidi wa mtu, hakikumwumba. Mtu akisimama mbele ya meza yetu, nacho kitabu kikimkana, ni wajibu wetu kumwuliza kwanza yeye jina lake, kisha ndipo tufungue ukurasa.